Baridi ya Kukodi

Kuanzia mwisho wa Septemba hadi wiki ya Krismasi, mume wangu alinilipa kodi ya rafu ya chini ya friji. Shilingi 200 kila Jumatatu, kwa M-Pesa, kabla hajanywa chai. Wenzangu wa chama walipopata habari walinisema sana, eti mke hamtozi mumewe kodi. Lakini friji ni yangu. Niliinunua kwa faida ya maziwa lala na zile barafu za rangi ambazo watoto wa shule hununua langoni kwetu hapa Kiamunyi wakirudi nyumbani alasiri, na rafu ya chini ndiyo iliyokuwa ghala la maziwa. Yeye aliitaka kwa ajili ya kitu kisicholiwa wala kuuzwa.

Kitu chenyewe kilikuwa mfuko wa balbu 50 za dafodili, zile fupi. Dada yake, ambaye ni muuguzi Leicester, alizileta alipokuja kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binti wa kaka yao. Kwa desturi shangazi wa watoto huja na chokoleti na viatu. Safari hii kaka mtu alikuwa amemwagiza maua, tena miezi kadhaa kabla, tena kwa masharti.

Ni lazima niseme huyu ni mtu wa namna gani. Alikuwa afisa wa kilimo. Sehemu kubwa ya utumishi wake ilipitia miteremko ya Mau, kuanzia Mau Narok hadi Molo, akiwafundisha wenye viazi kuchagua mbegu na wenye pareto kukausha maua. Amestaafu, ila bado anaamini kwamba mmea ukikataa kuota, mwenye makosa ni mkulima. Na msidhani alikuwa na hamu ya lile shairi la Mwingereza tulilokaririshwa shuleni, la maua ya manjano kando ya ziwa. Shairi hilo halijui hata mstari mmoja. Alichofanya ni kumsikia jirani mmoja akitangaza matangani, mbele ya watu, kwamba dafodili haiwezi kutoa ua Nakuru. Basi, ikatosha.

Jirani yule hakuwa amekosea sana. Nakuru imekaa karibu juu ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi. Baridi tunayoilalamikia Julai, ya sweta mbili na jiko la makaa, ni ya usiku na alfajiri tu. Ikifika saa nne asubuhi jua limeshaifukuza. Dafodili haitambui baridi ya aina hiyo. Inataka wiki 12 hadi 16 mfululizo, usiku na mchana, chini ya nyuzi 9. Ua huwa limeshaumbika ndani ya balbu tangu kabla haijapandwa. Linachongoja ni amri ya shina kurefuka, na amri hiyo hutolewa na baridi ndefu. Baridi ikikosekana, majani hutoka vizuri tu, lakini ua hukauka humo humo au hufunguka likiwa limekalia udongo, halina shina. Ulaya kazi hii hufanywa na majira, bila malipo. Kwetu hufanywa na friji, na tokeni za stima.

Balbu ziliingia nchini kihalali. Nalisema hili kwa sababu mume wangu alilisema kwa kila aliyepiga hodi. Kibali cha kuingiza mimea aliomba KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, mapema, mzigo haujaondoka Uingereza, na dada yake akalazimika kutafuta huko cheti cha kuthibitisha kwamba balbu hazina magonjwa wala chembe ya udongo. Cheti kikamgharimu kuliko balbu zenyewe. Shangazi alinung'unika kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta hadi Gilgil. Kuanzia Gilgil alilala.

Kibandiko cha mfuko kiliandikwa 'Tête-à-Tête'. Aina hii ilizalishwa na mkulima wa Cornwall aitwaye Alec Gray, ikasajiliwa mwaka 1949, na ndiyo dafodili fupi inayopandwa kuliko zote. Husimama sentimita 15 hadi 20, na shina moja huweza kubeba maua mawili au hata matatu. Mume wangu alimpenda Alec Gray papo hapo. Mimi sikumwelewa. Sisi ni watu wa mkoa wa waridi; kule Naivasha ua hupimwa urefu wa shina, na refu ndilo lenye bei. Mtu anayehangaika miaka na miaka ili ua liwe fupi, nani atamnunulia?

Rafu ikakodishwa. Balbu zikawekwa ndani ya mifuko ya karatasi iliyotobolewa matundu, maana kwenye plastiki zingeota ukungu. Kipimajoto kikaning'inizwa. Maziwa yangu yakapanda rafu ya juu, na barafu za rangi zikabaki kule juu kwenye sehemu ya kugandishia. Tukakaa kwa amani hadi Shosho aliposhika kisu.

Shosho ni mama mkwe wangu. Alikuwa ameshuka kutoka Elburgon kwa ajili ya ile ruracio, akabaki kwetu atibiwe magoti. Shosho hakai bure. Jioni moja mimi nikiwa langoni nahesabu chenji, aliamua kutupikia. Alifungua friji, akakuta vitunguu vimehifadhiwa vizuri kwenye karatasi, akashangaa kidogo kwamba mjini hata kitunguu kinapewa baridi, akachukua viwili. Cha kwanza alikikatakata akakitupa kwenye mafuta. Hakikumtoa machozi. Hakikunukia. Kilikuwa na utelezi. Cha pili akakipasua katikati kwa uangalifu zaidi, akakiinua kwenye taa.

"Mama wa watoto," aliniita, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuwatia watu hofu. "Hebu njoo. Kitunguu hiki kina mimba."

Na kweli kilikuwa nayo. Katikati kabisa, ndani ya zile ngozi nyeupe, kulikuwa na kitu kidogo cha rangi ya siagi, petali zake zimekunjwa. Mume wangu aliingia mbio kutoka sebuleni. Nilidhani atalia. Badala yake alivaa miwani, akachukua kijiti cha meno, akaanza kutuonyesha sehemu za ua moja moja, huku nyuma yake sufuria ikizidi kukaanga sumu.

Aliyezima jiko ni binti yetu mkubwa, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi. Alikuwa na simu mkononi, kama kawaida, lakini siku hiyo simu ilituokoa. Balbu ya dafodili ina likorini, kemikali inayomtapisha mtu hata kwa kiasi kidogo, nayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2009 watoto wa shule moja ya msingi huko Suffolk, Uingereza, waliugua baada ya balbu kutiwa kwenye supu ikidhaniwa kitunguu. Mwaka 2015 wakuu wa afya ya umma wa huko huko waliyaandikia maduka makubwa wakiyataka yatenge dafodili mbali na mboga. Na hao ni watu waliozaliwa wakiziona. Shosho alisikiliza yote hayo huku anajikuna vidole, kwa kuwa utomvu wake pia huwasha ngozi.

"Kwa hiyo mwanangu," alimuuliza mume wangu, "umeleta sumu, ukaiweka karibu na maziwa, na unailipia kodi?"

Binti akajaribu kumtetea baba yake. Akasema kuna mahali Wales wanapanda dafodili ili kupata galantamini, dawa inayotumika kwa wazee wanaopoteza kumbukumbu. Shosho akajibu kwamba kumbukumbu yake ni nzima, na anachokumbuka ni kwamba hajala. Tulikula mkate kwa chai. Sufuria ilisuguliwa kwa jivu, halafu kwa sabuni, halafu ikapewa kuku wanywee maji nje. Haijarudi jikoni.

Baada ya hapo ukaandikwa mkataba kwenye daftari la hesabu. Rafu ya chini iliwekewa sanduku la plastiki lenye kufuli, ufunguo ukakaa shingoni mwa mpangaji. Mpangaji naye akataka haki zake. Mtu asiguse kidude cha kuongeza baridi, maana kitinda mimba wetu alikuwa na tabia ya kukizungusha hadi mwisho ili barafu zigande haraka, na balbu zilizogusa ukuta wa nyuma zikaganda nazo zikawa uji. Stima ikipotea, mlango usifunguliwe. Na tufaha marufuku.

Hili la tufaha lilizua kelele kuliko yote. Binti alikuwa amejiwekea lishe ya kupunguza mwili na friji yangu ilikuwa imejaa matufaha. Baba yake alipoyaona alipaaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata mwaka ule viazi vilipoliwa na mnyauko. Tunda linaloiva hutoa ethilini, hewa ileile inayofanya ndizi iwahi kuiva ikifungiwa kwenye gunia, na ndani ya friji iliyofungwa hewa hiyo huweza kuua kijiua kikiwa bado ndani ya balbu. Matufaha yakahamia kabatini. Binti akauliza, kwa haki kabisa, ni nani aliyetangulia kuishi katika nyumba hii.

Halafu ikaja Krismasi. Wageni walikuwa wametoa habari, nusu mbuzi ilikuwa imeagizwa kutoka Bahati, na mimi nikatoa notisi: kuanzia tarehe 20 friji nzima ni ya nyama na soda. Wiki 12 zilikuwa zimetimia, lakini yeye alikuwa ameshajipangia 14 na hapunguzi. Aliwaza kuzipeleka Elburgon kwa mama yake, ambako mwinuko unakaribia mita 2,400 na asubuhi mtu hutoa mvuke mdomoni. Alijijibu mwenyewe: mchana kuna jua, haifai. Ndipo akamkumbuka mwenye baa ya pale stejini, ambaye zamani alikuwa mkulima wa pareto na mwanafunzi wake mwema. Baa ina friji mbili za milango ya kioo, na mlevi hawezi kuvumilia bia yenye joto. Kwa hiyo stima ikipotea pale, jenereta huunguruma kabla mtu hajalalamika. Balbu zikaenda kukaa na chupa.

Sasa, mume wangu ni mzee wa kanisa. Kila jioni ya msimu ule wa sikukuu alionekana akiingia baa kukagua kipimajoto. Wiki ya kwanza aliingia kwa mlango wa mbele. Watu walipoanza kumsalimu kwa uchangamfu usio wa kawaida, akahamia mlango wa nyuma, jambo ambalo lilimaliza kabisa mashaka ya waliokuwa na mashaka. Kwenye kwaya walinipa pole. Mchungaji akaja nyumbani bila kuitwa, akanywa chai, akaomba kwa muda mrefu juu ya vishawishi vya mwisho wa mwaka na akina baba ambao Bwana anawaona hata gizani. Mume wangu aliitikia amina kwa nguvu. Alidhani tunaiombea nchi.

Zilipandwa mwanzoni mwa Januari, na kama kuna mwezi mbaya Nakuru wa kupanda ua la nchi za baridi, ni huo. Vumbi limetanda, upepo unashuka kutoka Menengai, nyasi zimekuwa majani ya chai. Udongo wetu, lakini, ulimpendeza. Ni majivu ya volkano, mwepesi, maji hayasimami, na balbu haiozi upesi kama kwenye ule mfinyanzi mweusi wa bondeni. Nusu alizipanda chini kando ya viazi vitamu vyangu, nusu kwenye ndoo kuukuu za rangi zilizotobolewa matako. Kina ni mara tatu ya kimo cha balbu, ncha juu, na kwa hizi fupi hiyo ni sentimita 10 hivi. Akachagua upande wa tangi la maji unaopata jua la asubuhi na kivuli baada ya saa tano, akatandaza nyasi kavu juu, akaanza kunyunyizia jioni jioni. Alikuwa na furaha ambayo hata siku ya kustaafu hakuwa nayo.

Kisha udongo ukaanza kutembea. Vichuguu vidogo vilitokeza usiku, kimoja baada ya kingine, vikapita katikati ya shamba la dafodili na kuzisukuma balbu zikatoka nje, tumbo juu. Fuko. Aitwe mtega fuko, basi. Akaja kijana mmoja wa kutoka Njoro na fimbo zake za kupinda, waya na kamba, anayelipwa kwa kila kichwa. Alichimbua njia, akapapasa, akachukua balbu moja iliyong'olewa na kuigeuzageuza.

"Mzee, hii hajaila. Hata jino hajaiweka. Amepita hapa akaenda kule." Kule kulikuwa na viazi vitamu vyangu. Vilikuwa vimeliwa vyote kwa chini, majani yamebaki juu yakisinzia, nami nilikuwa nayamwagilia kila siku. "Hiki kitunguu kinauzwa wapi?"

Fuko alinaswa siku ya pili. Kijana alilipwa, akaondoka akiwa na maswali mengi kuliko pesa.

Mwezi wa Februari zikachanua. Niseme ukweli, si zote. Nyingine zilitoa majani peke yake, marefu na ya kupendeza, na katikati kigamba kikavu cha ua lililofia ndani. Hayo binti aliambiwa ayatazame vizuri na akumbuke matufaha. Nyingine zilifunguka zikiwa zimelalia udongo. Lakini za kwenye ndoo, upande wa tangi, zilisimama wima kimo cha kiganja, manjano ya kuumiza jicho, na mbili kati yake zilikuwa na maua mawili kwenye shina moja kama ilivyoahidiwa na kibandiko. Mimi sikuwa nimejiandaa kuyapenda. Nilijikuta naenda kutafuta maji ya kuku kwenye tangi wakati kuku wameshakunywa.

Jirani wa matangani aliitwa rasmi. Alikuja na mikono nyuma, akainama, akatazama kwa muda.

"Ni fupi," akasema.

"Ndivyo zinavyotakiwa ziwe!"

"Mimi nilisema haziwezi kukua hapa, na kwa kweli hazijakua."

Akaletewa kibandiko. Akaletewa Alec Gray na mwaka 1949. Alisoma, akarudisha, akasema kwa upole kwamba hata yeye mahindi yake yangemshinda angetafuta karatasi inayosema mahindi hutakiwa kuwa mafupi. Hawajazungumza tena juu ya kilimo hadi leo, ingawa wanasalimiana.

Kule Uingereza ua hili hukaa wiki mbili au tatu kwenye ubaridi. Kwetu halikumaliza wiki. Jua la Februari liliyakausha maua kuanzia ukingoni. Nikadhani tumemaliza, kumbe tumebakiwa na majani. Ua likiisha, majani yanapaswa kuachwa kwa wiki sita hivi, yasikatwe wala kufungwa vifundo, kwa kuwa ndiyo yanayolisha balbu na kuunda ua la mwaka unaofuata. Mwezi wa Machi zamu ya chama ilikuwa kwangu. Nilitaka uwanja uliofagiliwa. Nikawa na kichaka cha majani yanayolala na kugeuka manjano, na mume aliyeketi kwenye kiti karibu nacho tangu asubuhi, akimwangalia kijana wetu wa kazi na panga lake. Wenzangu waliuliza kama anaumwa.

Mvua za Aprili zilipokaribia alizichimbua zote, maana balbu inayopumzika kwenye udongo wa moto uliolowa huoza kuanzia kitako. Alizikausha kivulini, akazitia kwenye neti, akazitundika stoo mahali penye hewa. Neti ilikuwa ya vitunguu. Binti akaitundikia kadi yenye fuvu la kichwa na neno SUMU kwa wino mwekundu. Balbu zilikuwa zimegawanyika, mama na vitoto vyake, lakini vyembamba. Nyingi zinahitaji mwaka mzima au miwili ya kunenepa kabla ya kubeba ua tena, na mtu asiyekuwa na majira yake mwenyewe hana njia ya mkato.

Shosho aliporudi kwake Mei, magoti yakiwa na nafuu, aliomba apewe hizo nyembamba. Mwanawe alimweleza kwa heshima kwamba huko Elburgon pia hazitatoa maua, baridi haitoshi.

"Nani amekuambia nataka maua?" Shosho akamjibu. Alikuwa amezungumza na mtega fuko kwa kirefu siku ile, sisi tukiwa tunashughulika na malipo. Fuko wa Elburgon amekuwa akimmalizia waru, yaani viazi, kila msimu, na kama kuna kitu ardhini ambacho fuko hakiweki jino, yeye anakitaka kizunguke shamba.

Alizipanda mstari mmoja upande wa juu. Mwezi wa Agosti alipiga simu asubuhi na mapema, akaomba aongee na mwanawe wala si mimi. Fuko hajazigusa. Ameuacha upande ule wenye balbu, akazunguka, akaingilia upande wa chini, akala mistari miwili ya waru. Kwa hiyo dawa ni nzuri, ila ni chache. Shangazi wa Leicester akija Desemba alete gunia.

Mume wangu alifunika simu kwa kiganja, akaniuliza kama ninajua kalamu iko wapi. Alitaka kuandika barua ya kuuliza kama kibali kimoja kinaweza kubeba gunia zima, au itabidi waombe viwili.